Kamati inataka kuvunja altare ya ukutani na kupaka sanamu rangi upya: naomba ushauri kabla kazi haijaanza

Mjumbe wa Kamati (Moshi Vijijini)

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi katika mojawapo ya parokia kongwe za huku milimani, na jina lake naomba nisilitaje kwa kuwa suala lenyewe bado liko mezani. Kanisa letu ni la mawe na lilijengwa na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mwakani tuna jubilei, na michango imekwenda vizuri kuliko tulivyotarajia, jambo ambalo nadhani ndilo lililotutia kiburi kidogo. Katika kikao cha Jumapili iliyopita, fundi aliyeletwa na mmoja wetu alisimama akatupangia kazi: chokaa ya ukuta mzima ibanduliwe, ipigwe lipu ya saruji na juu yake rangi ya mafuta, altare ya zamani iliyoegemea ukuta wa mbele ivunjwe ili mahali pake pawekwe marumaru, sanamu zote zipakwe rangi upya "zing'ae", na vile vimisalaba vya mbao vilivyo juu ya picha za Njia ya Msalaba viondolewe, kwa sababu vingine vimeliwa na mchwa. Watu walipiga makofi. Mimi nilinyamaza, maana moyo ulikataa lakini sikuwa na hoja.

Kesho yake mchana nilikwenda kanisani na daftari. Hapakuwa na mtu ila mama mmoja wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) aliyekuwa akibadilisha maua. Niliyoyaona nayaandika kama yalivyo, nikiomba wenye kujua wanifafanulie.

Kwanza, ukutani kuna misalaba midogo iliyochorwa kwa rangi nyekundu iliyofifia, kila mmoja ndani ya duara. Niliihesabu ikawa kumi na miwili. Chini ya kila mmoja kuna tundu lenye kipande cha chuma chenye kutu. Sote tulidhani ni mapambo, lakini yule mama aliniambia kwamba alipokuwa mtoto, usiku mmoja kila mwaka, mishumaa iliwashwa hapo.

Pili, katikati ya meza ya altare ya zamani kuna jiwe la mraba lililochomekwa, upana wake kama shubiri moja, na kingo zake zimezibwa.

Tatu, sanamu. Kuna Bikira Maria mwenye moyo unaoonekana kifuani. Kuna Mtakatifu Yosefu mwenye ua ambalo ncha yake imekatika, na pale lilipokatika ndani ni peupe kama chaki. Kuna mtawa mwanamke aliyekumbatia msalaba na mawaridi. Kuna askofu mwenye kanzu ya kijani na nyoka miguuni, ambaye wengine humwita Augustino na wengine humkwepa tu kwa sababu ya wale nyoka. Pembeni mwa mlango wa sakristia kuna picha ya karatasi ndani ya kioo, imeandikwa "Wenyeheri Mashahidi wa Uganda". Nilipokaribia joho la Bikira Maria, mahali rangi ya bluu hafifu ilipobanduka, niliona chini yake bluu nyingine iliyokolea, na juu ya hiyo nyota ndogo ya dhahabu, ndogo kama punje ya mtama.

Maswali yangu ni mawili. Vitu hivi ni vya lini na vina maana gani? Na je, kamati ya parokia ina mamlaka ya kuamua hatima yake kwa kupiga makofi?

---

Katekista Mstaafu

Milele amina, mwanangu. Umefanya vema kubeba daftari, kwa sababu kanisa la zamani hujieleza lenyewe kwa mtu anayelitazama polepole.

Nianze na wenye nyumba. Mwaka 1890 Askofu de Courmont, aliyekuwa na makao Zanzibar, alipanda kutoka pwani pamoja na Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger, wakapokelewa Kilema na Mangi Fumba, mtawala wa hapo. (Ni Kilema ile ile ambako Johannes Rebmann, mmisionari wa Kiprotestanti, alipita mwaka 1848, mwaka ule ule alipouona mlima wenye theluji.) Kibosho ilifuata mwaka 1893, Rombo mwaka 1898. Wote hao walikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambalo tayari lilikuwa Bagamoyo tangu 1868. Sasa, jina kamili la shirika hilo linaongeza maneno "chini ya ulinzi wa Moyo Safi wa Maria", kwa sababu mwaka 1848 shirika la zamani la Roho Mtakatifu liliungana na lile la Moyo wa Maria lililoanzishwa na Padre François Libermann, mtoto wa rabi wa Kiyahudi kutoka Alsace. Kwa hiyo Bikira Maria wenu mwenye moyo kifuani ni alama ya wenye nyumba, kama vile mtu anavyoandika jina lake juu ya mlango. Ukiniuliza ni sanamu ipi katika kanisa lenu ina haki ya kuwa ya kwanza, nitakuambia ni hiyo.

Hizo nyingine zinakuambia miaka yake, ukijua namna ya kuziuliza. Mtawa mwenye msalaba na mawaridi ni Teresia wa Mtoto Yesu. Alitangazwa mwenyeheri mwaka 1923, mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1927 Papa Pius XI akamweka kuwa msimamizi wa misioni pamoja na Fransisko Ksaveri, ingawa yeye mwenyewe, tangu alipoingia utawani, hakutoka nje ya monasteri ya Lisieux. Baada ya hapo kila misheni ilimtaka, na Arusha wakalipa kanisa kuu lao jina lake. Sanamu hiyo basi haikuja na waliolijenga kanisa, ikiwa kanisa ni la kabla ya vita ya kwanza ya dunia.

Picha ya Mashahidi wa Uganda ni rahisi zaidi, maana imejiandika. Walitangazwa wenyeheri mwaka 1920 na watakatifu mwaka 1964. Karatasi inayowaita wenyeheri ilichapishwa katikati ya miaka hiyo. Tafadhali msiitupe kwa sababu imepauka. Pengine ndiyo picha ya kwanza ya watakatifu Waafrika ambayo babu zako waliwahi kuiona ukutani.

Mtazame pia Yosefu. Ua lile ni yungiyungi, alama ya usafi wa moyo, na ndivyo alivyochongwa kwa karne nyingi. Baada ya Papa Pius XII kuweka sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi mwaka 1955, tarehe 1 Mei, tulianza kupata Yosefu mwenye randa na msumeno. Wa kwenu anaelekea kuwa wa kabla ya hapo.

Nimemwacha askofu wa nyoka kwa makusudi, kwa sababu amenichekesha na kunifurahisha. Huyo si Augustino. Askofu mwenye mavazi ya kijani na nyoka miguuni ni Patrisi wa Ireland, na masimulizi ya kwao husema kwamba aliwafukuza nyoka kisiwani. Amefikaje Uchagani? Vikarieti ya Kilimanjaro, yaani eneo la misioni ambalo bado halijawa jimbo, iliundwa mwaka 1910 chini ya Askofu Munsch, lakini baada ya vita waliokuja kuiongoza, Askofu Gogarty na kisha Askofu Byrne, walikuwa Waairishi. Askofu Byrne alikaa hadi 1959, na ni wakati wake, mwaka 1953, tulipokuwa Jimbo la Moshi. Mwairishi akiwa mbali na kwao humkumbuka Patrisi kama Mchaga aliyeko Dar es Salaam anavyoukumbuka mlima. Wale wanaomkwepa kwa sababu ya nyoka waambieni wamtazame tena: nyoka wamo chini ya miguu yake wakikimbia.

Kuhusu vimisalaba vya mbao, hapo kamati imekosea kabisa. Papa Klementi XII aliweka vituo vya Njia ya Msalaba kuwa kumi na vinne mwaka 1731, na kwa desturi ya Kanisa kinachobarikiwa na kukifanya kituo kiwe kituo ni msalaba wa mbao. Picha ipo ili kutusaidia kutafakari. Mkiondoa misalaba na kubakiza picha mtakuwa mmehifadhi maganda mkatupa ndizi. Ulioliwa na mchwa ubadilishwe kwa mwingine wa mbao, basi.

---

Fundi wa Kiboriloni

Mimi ni fundi mwashi, na nimefanya ukarabati wa majengo ya mawe kwa miaka mingi. Ya watakatifu nawaachia wenyewe. Naomba nizungumzie saruji, kwa sababu mpango ulioelezwa utaharibu kanisa hilo hata kama kila mtu atakuwa ameridhika siku ya jubilei.

Ukuta wa mawe wa zamani umejengwa kwa udongo au chokaa, na unapumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini na ule unaoingia wakati wa masika hutoka tena taratibu kupitia chokaa. Ukiufunika kwa lipu ya saruji na juu yake rangi ya mafuta, unakuwa umefunga mdomo na pua. Maji hayatoki, yanapanda juu zaidi kutafuta njia, na yanabeba chumvi ambayo ikikauka nyuma ya rangi huisukuma hadi ibanduke kwa vipande. Mwaka wa kwanza ukuta unapendeza. Wa tatu unaona mabaka na unga mweupe. Kisha mafundi wanaitwa tena kubandua, na saruji inapobanduliwa huondoka na sura ya jiwe. Nimeliona hili kwa macho yangu katika jengo moja la zamani ambalo sitalitaja, na niseme ukweli kwamba nilikuwa mmoja wa waliolipiga hiyo lipu, nikiwa kijana, kwa maelekezo ya aliyenilipa.

Anzeni nje. Angalieni kama udongo umejaa kando ya msingi hadi kuzidi usawa wa sakafu ya ndani, kama kuna mifereji ya bati, na kama maji ya paa yanamwagika miguuni mwa ukuta. Chimbeni mfereji wa kuyapeleka mbali. Mkimaliza hayo subirini msimu mmoja wa mvua ndipo mguse ndani, na mkigusa mtumie chokaa. Najua neno "subirini" halipendwi mahali penye tarehe ya jubilei.

Sanamu zenye weupe kama chaki ndani yake ni za jasi, au jipsamu kama tunavyosema sisi. Zisioshwe kwa maji na sabuni hata mara moja, kwa sababu jasi hunywa maji ikalegea. Nyingi zina nondo nyembamba ndani, na nondo ikipata unyevu hupata kutu, ikavimba na kupasua mkono au kidole kutoka ndani. Vumbi litolewe kwa brashi laini na kavu. Na ile nyota ya dhahabu uliyoiona inamaanisha kwamba kuna mtu alikwisha kupaka rangi juu ya kazi nzuri zaidi. Mkiongeza rangi ya mafuta ya kung'aa juu yake, atakayekuja kuitafuta nyota hiyo kesho hataipata.

---

Kijana wa Pasua

Wazee wangu shikamooni. Nimesoma yote kwa heshima, lakini niruhusiwe kuuliza jambo ambalo vijana wengi huliuliza pembeni. Kanisa si jumba la makumbusho. Kama paa linavuja na watoto wa katekisimu wanakaa penye matone, kwa nini tushughulike na sanamu zilizotoka Ulaya zenye macho ya bluu? Mafundi wa kuchonga mpingo tunao. Sisi tuna isale, jani ambalo Mchaga akimpelekea mwenzake kumwomba msamaha hawezi kukataliwa kirahisi, na sijaona mahali lilipochongwa kwenye altare yoyote niliyopiga magoti mbele yake. Tukilinda kila kilicholetwa na Mfaransa na Mwairishi, cha kwetu kitaingia lini?

---

Msomaji wa Liturujia (Arusha)

Swali la kijana wa Pasua ni la haki, na nitalirudia baada ya kujibu lile la mamlaka.

Kamati haina mamlaka hayo, na hata paroko peke yake hana. Kanuni ya 1189 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema kwamba picha na sanamu zenye thamani kwa ukale wake, kwa sanaa yake au kwa heshima wanayozipa waamini, ambazo zimewekwa kanisani kwa ajili ya ibada, zisikarabatiwe kamwe bila ruhusa ya maandishi ya Askofu, ambaye naye anapaswa kuwauliza wataalamu kabla ya kuitoa. Zingatia neno "maandishi". Kanuni ya 1216 inataka ushauri wa wataalamu katika ujenzi na ukarabati wa kanisa lenyewe, na ya 1283 inadai iwepo orodha ya vitu vya thamani vya parokia. Ningeanza na orodha hiyo, pamoja na picha za simu, kabla mtu yeyote hajaleta ngazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwaagiza maaskofu waangalie kwamba vifaa vitakatifu na kazi za sanaa za thamani haviuzwi wala kutapanywa.

Sasa ile misalaba kumi na miwili, ambayo kwangu ndiyo habari kubwa kuliko zote ulizoandika. Kanisa linapotabarukiwa, yaani kuwekwa wakfu, Askofu hupaka krisma (mafuta matakatifu) altare, na kuta katika sehemu kumi na mbili, au nne kama kanisa ni dogo. Kila mahali palipopakwa huwekwa alama ya msalaba, na chini yake kinara cha mshumaa. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya kutabaruku, mishumaa hiyo huwashwa. Mama yule wa WAWATA alichokiona utotoni ni sikukuu hiyo, na ushahidi wake una uzito kuliko makadirio ya fundi yeyote. Rangi ya mafuta ingefunika mahali ambapo krisma ilipakwa ukutani kwa mkono wa Askofu.

Jiwe la mraba ni vivyo hivyo. Lipangusie vumbi kwa kitambaa kikavu ulitazame kwa mwanga wa pembeni. Ukiona misalaba midogo mitano iliyokwaruzwa, mmoja katikati na minne pembeni, basi hilo ni jiwe la altare, na ndani yake kwa desturi huwekwa masalia (mabaki ya miili) ya watakatifu, hasa mashahidi. Usilifungue wala usilichokonoe. Mwarifu paroko, naye atamwarifu Askofu.

Je, altare ya ukutani ni lazima ivunjwe kwa kuwa padre sasa huwaelekea waamini? Hapana. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Roma, namba 303, umeliona tatizo hilo hilo: kama altare ya zamani imekaa mahali panapowazuia waamini kushiriki vizuri, na haiwezi kuhamishwa bila kuharibu thamani yake ya sanaa, ijengwe altare nyingine ya kudumu, itabarukiwe, na ibada ifanyike juu ya hiyo pekee. Ya zamani inabaki mahali pake, bila kupambwa kwa namna ya kushindana na mpya.

Na hapo ndipo ninapokutana na kijana wa Pasua. Hati ile ile ya 1963 inasema kwamba Kanisa halijawahi kuufanya mtindo wowote wa sanaa kuwa wake peke yake, na kwamba sanaa ya mataifa yote na ya nyakati zetu ipewe nafasi. Altare mpya hiyo ichongwe kwa jiwe la huku kwetu, na mchongaji wa huku kwetu. Isale lichongwe mbele yake, mahali ambapo watu wa Mungu hupeana amani kabla ya kukomunika, na sioni katekista atakayehitaji kulifafanua kwa Mchaga. Pesa zilizotengwa kwa marumaru zingetosha kuanzia. Sioni sababu ya Patrisi kufukuzwa ili isale liingie, kwa kuwa yeye naye aliingia akiwa mgeni, na nafasi ipo. Kuhusu paa linalovuja nakubaliana nawe bila masharti: paa kwanza.

---

Mjumbe wa Kamati (Moshi Vijijini)

Aika sana wazee wangu, na wewe kijana wa Pasua, ambaye nimeyanukuu maneno yako kikaoni bila kubadilisha kitu.

Nilikwenda na tochi. Misalaba mitano ipo. Ule wa katikati umejaa nta ya zamani, minne ya pembeni inaonekana wazi ukiinamisha mwanga. Nilimwita paroko akaja mwenyewe, akatazama kwa muda mrefu, kisha akatandika kitambaa cheupe juu yake na kufunga lango dogo la altare. Barua kwa Askofu imeandikwa na orodha imeambatanishwa. Fundi wa marumaru tumemlipa posho ya safari na kumshukuru, ingawa hakuondoka akiwa na furaha, na mjumbe aliyemleta hajanisalimia tangu siku hiyo. Michango yote sasa imeelekezwa kwenye mabati na mfereji wa nje, ambako tumekuta udongo umepanda juu ya sakafu kwa kiasi cha kiganja kizima, kama fundi wa Kiboriloni alivyohisi.

Yule mama haikumbuki tarehe ya usiku wa mishumaa. Anachokumbuka ni kwamba ilikuwa wakati wa kuchuma kahawa, kwa sababu mikono ya mama yake ilinuka maganda walipokuwa wakienda kanisani. Tunavipitia sasa vitabu vya ubatizo na daftari la matukio la misheni kwa miezi ya Julai hadi Desemba. Ameniambia pia kwamba vinara vyenyewe vilikuwa vya shaba na viliwekwa katika sanduku la mbao chini ya ngazi ya kengele. Tumelifungua jana. Vimo tisa.